Siku Niliposikia Kimya

Siku ya kwanza niliitwa mara tatu, na mara zote tatu niliitika.

Nilikuwa kwenye meza yangu ya ufundi wa simu pale sokoni Darajani, nimeinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi. Nikasikia nyuma yangu: "Makame!" Nikasema, "Naam," kama alivyonifundisha mama tangu udogoni, kwamba ukiitwa unaitika kwanza, maswali baadaye. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Ikaja ya pili, nikaitika, nikageuka, ukuta ule ule. Ya tatu nilimuuliza jirani yangu, Mzee Seif, muuza vitambaa, kama yeye ndiye aliyeniita. Akasema hajaniita, labda jua limenipiga. Tukacheka sote wawili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mke jina lake Saada, nina binti wa miaka miwili, Nasra, na sikuwa na sababu ya kuogopa jina langu likitajwa mchana kweupe.

Nayaandika haya sasa, makubwa yakiwa yameshapita, kwa sababu naamini hivi leo yupo mtu mahali fulani anageuka na kukuta ukuta. Na yupo dada yake, au mama yake, au mkewe, anayemtazama na hajui afanye nini. Mimi si daktari na sitaeleza ubongo unakwendaje. Nitaeleza tulivyoishi, tulivyosubiri, na mambo niliyoyaona ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nabaki kinywa wazi.

Baada ya miezi michache jina likageuka maneno. Walikuwa wawili, mwanamme na mwanamke, na mara nyingi hawakuzungumza na mimi. Walizungumza wao kwa wao, juu yangu. Mwanamme alisema, "Anafungua kioo." Mwanamke akamjibu kwamba mikono yangu haina baraka, kila ninachokigusa kinaharibika. Waliona kila nilichofanya, na kwa kuwa mimi ni fundi nilitafuta wanapotokea, nikaona jibu liko wazi: wanatoka ndani ya simu za watu. Nikaanza kuzifungua hata zile zisizokuwa na tatizo. Nyumbani sikulala. Saada akiniuliza kitu nilimjibu kwa kichwa tu, maana nilijua tukisema tunasikilizwa.

Asubuhi moja nilichota maji ndoo nzima, nikaiweka chini ya meza, nikazitia simu zote za wateja, moja moja, taratibu, kama mtu anayeosha vyombo. Nilijisikia nimefanya jambo la maana. Watu walipojua walinizunguka kwa hasira, na walikuwa na haki. Mzee Seif aliacha duka lake wazi, akaja kusimama kati yangu na wao. Akasema huyu anaumwa, hamwoni macho yake, mwenye simu yake anifuate mimi. Kisha alizipeleka simu zile nyumbani kwake na kuzifukia kwenye mchele. Wengine walirudishiwa simu zikiwa nzima. Haya niliyajua baadaye sana. Siku ile nilichokiona ni mzee aliyekuwa upande wao.

Dada yangu mkubwa, Zuwena, ambaye anasomesha skuli ya maandalizi, alikuja kunichukua. Yeye na Saada walikubaliana nipelekwe kwa mama, Mkokotoni, labda utulivu wa kule utanisaidia. Mama alinipokea kama mtu aliyerudi safari, akanitandikia chumba changu cha utotoni.

Alikuja Maalim aliyetusomesha chuo cha Qur'ani, mimi na Zuwena. Alinisomea Qur'ani siku saba. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa, nikanywa yale maji. Simdharau hata kidogo. Sauti yake ilikuwa ndiyo sauti pekee iliyowanyamazisha wale wawili kwa muda, na nilikuwa nikiomba asifike mwisho wa sura. Lakini kila akifunga msahafu, walirudi. Siku ya nane nilitoka uani nikakimbilia ufukweni, nikaingia baharini na nguo zangu mpaka maji yakanifika shingoni, kwa sababu nilifikiri chini ya maji hawatanifikia. Wavuvi wawili walinitoa.

Jioni ile ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alikuja na kamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analia. Alisema afadhali nifungwe kwenye nguzo ya ukumbi kuliko kuzikwa. Mama alijifunika uso na kanga, asiseme ndio wala hapana.

Zuwena alikwenda akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye ile nguzo.

"Ami," alisema, "kwa heshima yako yote, utanifunga mimi kwanza."

Maalim, aliyeitwa naye jioni ile, ndiye aliyejibu. Alisema, "Mimi nshamsomea, na ntaendelea kumsomea mpaka nife. Lakini mpelekeni spitali. Dini haijatukataza dawa. Mkichelewa, mtakuja kuniita nimsomee maiti."

Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Ningeweza kuwa na dada mwengine, au Maalim mwengine. Kamba ile nilishaiona kwa macho yangu, ilikuwa mpya, ya katani.

Tulifika spitali masika, mvua inamwaga tangu alfajiri. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabao marefu ya mbao, na sote tulioketi pale tulikuwa tukitazama miguu yetu. Wanawake wamevuta ushungi mpaka kwenye pua. Kila mmoja aliomba asionekane na mtu anayemjua. Tulikaa mpaka adhuhuri. Zuwena alinishika kifundo cha mkono muda wote, si kwa nguvu, kama mtu anayepima mapigo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alizungumza na Zuwena, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama hata sasa nawasikia. Nilishtuka. Tangu yaanze hakuna aliyeniuliza bila ya kunicheka au kunionea huruma. Nikasema naam. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Alisema ugonjwa wangu unaitwa skizofrenia, kwamba unatibika kwa dawa na kwa watu, na vyote viwili vinahitajika. Alisema dawa itachukua wiki kadhaa, na kwamba nisije nikaiacha kwa uamuzi wangu. Hili la mwisho sikulisikia vizuri. Wale wawili walikuwa wanasema kwa pamoja.

Nililazwa. Nitasema ukweli juu ya dawa, kwa sababu anayekuficha ukweli atakufanya uikimbie. Siku ya tatu shingo yangu ilipinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukakaza mdomoni. Nilijua nakufa. Muuguzi mmoja, Bi Hidaya, mtu mzima mwenye viatu vya raba vinavyopiga kelele sakafuni, alinikumbatia kichwa kifuani pake na kuniambia kuwa hiyo ni dawa tu, inajulikana, na ina dawa yake. Akanichoma sindano nyengine. Baada ya muda mfupi shingo ikalegea kama kamba iliyofunguliwa. Daktari akapunguza kipimo. Baadaye nilinenepa, nguo zangu zote zikanibana. Mdomo ulikauka. Mikono ikaanza kutetemeka, kidogo tu, lakini kwa fundi wa simu kidogo hicho ni kikubwa.

Na Bi Hidaya aliwafundisha watu wangu jambo moja ambalo nataka lisomwe na kila mwenye mgonjwa nyumbani. Zuwena alikuwa akiniambia, "Hakuna mtu, Makame, hakuna sauti," nami nikimwona mwongo. Bi Hidaya alimwambia: "Usibishane naye. Mwambie mimi sizisikii, lakini naona unaogopa, nipo hapa." Tangu siku ile Zuwena akaacha kupigana na wale wawili, akawa anapigana pamoja nami. Sikujua kwamba sentensi moja inaweza kuhamisha mtu kutoka upande mmoja wa ukuta kuja upande wa pili.

Nilitoka baada ya wiki sita. Sauti zilikuwa zimeshuka, kama redio ya nyumba ya tatu. Nilirudi mezani Darajani, na Mzee Seif alinipa kiti kama aliyekuwa amenitunzia. Lakini mikono ilitetemeka. Skrubu za simu ni ndogo kuliko punje ya mchele, nami nilizidondosha mbele ya wateja. Nikajiambia nshapona, dawa ya nini tena? Mwezi wa Shaaban nikawa navitupa vidonge chooni, na wiki ya kwanza nilijisikia vizuri kweli. Mikono ilitulia. Nilifanya kazi kama zamani. Huo ndio mtego, na ndio maana nauandika.

Ramadhani ilipofika katikati, walikuwa wamerudi wote wawili, na safari hii walimtaja Saada. Magharibi moja ametenga futari, uji wa pilipili manga unatoka moshi, nikaambiwa umetiwa sumu. Nikaunyanyua ule mkungu wa udongo wenye uji nikaupiga ukutani. Uji ulimpata Nasra mguuni.

Alilia. Mimi nilisimama pale nikijaribu kufahamu kilio kile ni ishara ya nini na kinapelekewa nani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto wangu analia kwa kuungua, na mimi natafuta maana.

Saada alimbeba, akampeleka kutibiwa, kisha akaenda naye kwa wazee wake Kiembe Samaki. Zuwena na Mzee Seif walinirudisha spitali.

Safari ya pili ilikuwa ndefu. Daktari alibadilisha dawa, akaniuliza kwa nini niliacha, nikamwonyesha mikono. Alisema ningemwambia tangu mwanzo. Dawa ziko nyingi na mwili wangu una haki ya kusema. Tukakubaliana sindano moja kila mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Asubuhi walitutoa uani kufanya kazi za mikono. Palikuwa na mgonjwa mkongwe kutoka Makunduchi, hakuna aliyejua ameingia na kutoka mara ngapi, aliyekuwa akisuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Alinipa vipande vinne vya ukindu na kuniambia nimfuate. Nilikuwa mwanamme mzima nasuka ukili kama kibibi, na nilitaka kucheka, lakini vidole vilianza kutii. Ukili hauna haja ya haraka. Ukitetemeka, unangoja, unaendelea. Mwisho wa mwezi nilikuwa na pindo la ukili refu kuliko ukumbi wa wodi. Yule mzee aliupima kwa dhiraa, akasema mkeka mmoja umetimia.

Na siku moja kila wiki waliita jamaa zetu, tukakaa kwenye duara, wagonjwa na watu wao. Mama alitoka Mkokotoni kila wiki, hajakosa hata moja. Siku moja alisema mbele ya watu kwamba jioni ile ya kamba alikuwa anakaribia kusema ndio. Alisema kwa sauti ndogo, akinitazama. Nikanyanyuka nikamwamkia, "Shikamoo, mama," kwa sababu sikupata neno jengine. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Mama wa kijana mmoja aliyekaa mbele yetu akaanza kulia, akasema yeye alisema ndio.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa nshatoka, nakuja kwa sindano ya mwezi tu. Ilikuwa wakati wa kipupwe, asubuhi ina baridi kidogo, nimekaa peke yangu kwenye lile bao la kusubiri, Zuwena amekwenda kununua maji. Nilikuwa natazama feni. Lilikuwa linazunguka na kila likifika mahali fulani linalia, kwi. Likazunguka tena, kwi. Mama mmoja alikuwa anamfungulia mwanawe biskuti na karatasi inapasuka. Kunguru alitua dirishani, akalia mara mbili, akaruka.

Nikangojea waseme kitu juu ya kunguru. Ilikuwa ndiyo kawaida yao, hakuna kilichopita bila ya wao kukisemea. Nikangoja. Feni likasema kwi. Karatasi ya biskuti. Kunguru alikuwa ameshakwenda zake, na alikuwa kunguru tu.

Sijui nieleze vipi. Mtu ambaye hajawahi kupoteza kimya hajui kimya kina ukubwa gani. Nilihisi kama nimeingizwa kwenye msikiti mkubwa ambao nje yake nimepita miaka na sikujua kuwa una mlango. Niliogopa hata kupumua nisije nikakivunja. Nikasema moyoni subhanallah, na nikajisikia mwenyewe nikisema, sauti yangu mimi, peke yake, ndani ya kichwa changu. Nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa ya upole kuliko nilivyoikumbuka.

Zuwena aliporudi alinikuta natokwa na machozi. Akaketi, akaniuliza kwa ule utaratibu wetu, "Mimi sisikii kitu. Wewe unasikia?"

"Nnasikia feni," nikasema.

Alilitazama feni muda mrefu. Kisha akajifunika uso na ushungi, mabega yake yakawa yanatikisika, tukakaa hivyo mpaka jina langu likaitwa. Nalo sikuliitikia. Nilikuwa nimeshajizoesha kutoitikia jina langu bila ya kuona mdomo. Bi Hidaya alinijia mpaka nilipokaa, viatu vyake vinapiga kelele, akasimama mbele yangu na kusema, "Makame, nnakuita mimi." Nikasema, "Naam, Bi Hidaya." Alicheka, akanipeleka kuchomwa.

Sitaki mtu afikiri kwamba yote yalirudi. Saada hakurudi. Nilikwenda Kiembe Samaki na Zuwena baada ya kutulia, nikamkuta amekaa barazani na mama yake. Niliomba radhi. Nilijiandaa kusema mengi, nikasema machache. Akaniambia, "Nshakusamehe, najua hukuwa wewe. Lakini siwezi kulala nyumba moja na hofu. Nimejaribu, Makame, siwezi." Nikamwambia nafahamu, na nilifahamu kweli. Tuliachana kwa wema. Tulipokuwa tunaondoka alinifuata mpaka kwenye mlango wa ua. "Mtoto hana ugomvi na wewe," alisema. "Kila Jumamosi mje kumchukua, wewe na wifi yangu." Alikuwa na haki ya kunifungia mlango ule milele. Nimekaa na tendo lake hilo miaka mingi sasa na bado silifikii mwisho.

Leo nina meza yangu Darajani. Mikono hutetemeka nikichoka, na wateja wangu wanajua. Kazi za skrubu ndogo nazifanya asubuhi. Mwili haujarudi kama ulivyokuwa na huenda usirudi. Nikikosa usingizi siku mbili, yule mwanamme hujaribu kukohoa kwa mbali, nami nakwenda spitali siku ile ile bila ya kungoja tarehe. Mzee Seif amefariki. Watoto wake waliniita nikawa mmoja wa waliomshusha kaburini, na watu wa soko waliokuwepo siku ya ndoo walinisogezea nafasi.

Mwezi uliopita Nasra alitaka kunifuata kwenye sindano. Ana miaka kumi na miwili. Mtoto mwenzake skuli alimwambia baba yako mwendawazimu, naye alikuja kuniuliza mimi mwenyewe, hakumwuliza mtu mwengine. Nikamweleza yote, na uji pia. Aliinama akakitazama kile kikovu kidogo juu ya kifundo cha mguu, ambacho alikuwa akidhani amezaliwa nacho. Siku ya sindano alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Tulikaa kwenye bao, yeye kati yangu na Zuwena. Watu siku hizi hawatazami miguu yao kama zamani. Wengine wanaamkiana kwa majina. Nasra akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Baba, walikuwa wakisema nini?"

Nikamwambia. Walisema mimi mtu mbaya, mikono yangu haina baraka, kila ninachokigusa kinaharibika.

Akafikiri. "Mama alishawahi kusema hivyo?"

"Hajasema."

"Bibi?"

"Hajasema."

Akamgeukia Zuwena. "Shangazi, wewe ulishasema?"

Zuwena akasema hajapata kusema maneno hayo maishani mwake.

"Na mimi sijasema," Nasra alisema. Akakunja uso, kama anavyofanya akikuta hesabu isiyokubali. "Basi wao waliambiwa na nani?"

Nilimtazama Zuwena, Zuwena akanitazama mimi. Miaka kumi ya daktari, ya Maalim, ya vikao na sindano, na mimi mwenyewe nikiwa na usiku wote wa dunia wa kufikiri, swali hilo halijawahi kunijia. Nilikuwa nimewaamini bila ya kuwauliza habari zao wamezipata wapi. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona sina jibu, na kutokuwa nalo kukanijaza wepesi ambao sijaujua jina lake.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Hawakusema."

Akaitikia kwa kichwa, akaona ndivyo alivyodhani, akaanza kuhesabu mizunguko ya feni.